Chaja Ndiyo Iuayo Betri

Betri ndogo za nikeli zinazochajiwa, zitumikazo katika kurunzi na redio, hulaumiwa kwamba hazidumu. Kwa maoni yangu, mkosaji mara nyingi ni chaja. Betri ikisha kujaa, umeme unaozidi kuingizwa hugeuka kuwa joto, na joto huichakaza. Basi tusichague chaja kwa bei au kasi tu. Iliyo bora hupima kila betri peke yake na kukata mkondo ijaapo. Isiyojikata na iwe ya mkondo mdogo: betri tupu ya miliampea-saa 2000 ipewe miliampea 200 kwa saa 14 hadi 16, kisha iondolewe. Wanafunzi, pimeni kwa kipimajoto: betri iliyojaa ikizidi kupata joto, chaja hiyo haifai.