Pamba Safi Ilipwe Bei ya Pamba Safi



Katika mnada wa Moshi kahawa hainunuliwi kwa uzito peke yake. Buni huchumwa ikiwa nyekundu, humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja; ikishakobolewa, punje huchekechwa kwa ukubwa, na waonjaji huonja kinywaji chenyewe. Ndipo bei hutajwa.

Je, dhahabu nyeupe ya Bariadi, Maswa na Meatu hupewa heshima hiyo? Pamba yetu huchumwa kwa mikono, nayo ni sifa kubwa, maana mashine huvuna pamoja na majani makavu. Nyumbani familia huitenga: safi kando, fifi kando. Lakini katika magulio niliyoyashuhudia, mafungu yote mawili yalimwagwa mahali pamoja na kulipwa bei moja.

Matunda yake twayajua. Mkulima hunyunyiza maji na kutia mchanga. Mpimaji huichezea mizani. Kila mmoja hujitetea kwa dhambi ya mwenzake. Nasema wazi: mchanga katika pamba ni wizi, na mizani ya hila ni wizi. Tena robota chafu likifunguliwa kiwandani ng'ambo, hakuna aulizaye jina la mkulima; pamba ya nchi nzima hushushwa thamani, na mwaminifu hulipa deni la mdanganyifu.

Wazee wetu hawakunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma waliochoshwa na mizani za wafanyabiashara walijiwekea wapimaji wao. Vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 Shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani aliliongoza. Soko huria la mwaka 1994 liliwaleta wanunuzi wengi waliogombania kilo, na usafi ukapuuzwa. Mwaka 2018 ununuzi ulirudishwa katika vyama vya msingi. Basi mizani ikiwa mikononi mwa chama chetu, tutamlaumu nani?

Kila mwanachama adai mambo matatu: mafungu mawili kwa bei mbili; mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo; na uzito usomwe kwa sauti mbele ya mwenye mzigo. Kamati za haki na amani za vigango zisingoje malalamiko baada ya msimu. Ziwepo guliono siku ya kwanza. Na anayedai mizani ya haki aje na pamba isiyo na mchanga.