MKOBA WA WAGONJWA USIWE MKONONI MWA SERIKALI

Wasomaji wetu wengi wametuuliza tuna msimamo gani juu ya bima ya afya iliyopitishwa na Bunge la Kenya mwaka 2023. Twajibu waziwazi. Matibabu kwa kila mwananchi twayataka, na asemaye kwamba hatuyataki anatusingizia. Tunalolikataa ni Serikali kuushika mkoba wenyewe: ikadirie, ikusanye, tena itumie.

Jambo hili si geni. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali ulianzishwa mwaka 1966, na mfanyakazi akakatwa mshahara mwezi baada ya mwezi. Ulipofungwa mwaka 2024 uliacha deni la mabilioni ya shilingi kwa hospitali, zikiwamo zile za misheni zinazotibu watu wa mashambani. Mgonjwa alifika na kadi yake mkononi akaambiwa alete fedha taslimu. Fedha yake aliyokatwa ilikuwa wapi?

Sasa tazameni huu mpya. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa mia, wala hakuna kikomo. Aliyepata shilingi 100,000 alikuwa akilipa 1,700. Sheria mpya ikamtaka alipe 2,750. Huyo atanung'unika, lakini atakula. Sisi twamfikiria mama muuza mboga wa Kisumu na mvuvi wa Lamu. Wao waliwekewa kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, na kanuni zikataka walipe ya mwaka mzima mbele, yaani 3,600 kwa mkupuo. Na ili ajulikane atalipa ngapi, mtu huulizwa nyumba yake imejengwa kwa nini na choo chake ni cha namna gani. Ajabu kweli! Mgonjwa apimwe choo kabla ya kupimwa damu.

Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hizo zinakwenda kinyume cha Katiba, na moja ya sababu ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufani, hukumu ikasimamishwa, na tarehe 1 Oktoba mpango ukaanza. Kisha mwezi Machi 2025 yakatoka ya Mkaguzi Mkuu: mitambo ya kompyuta ya mpango huo, yenye gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 104, si mali ya Serikali! Basi tuliambiwa tuikabidhi Serikali mkoba wetu, na kumbe kufuli na ufunguo ni vya mtu mwingine.

Yafaa hapa tujitenge na watu fulani. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi, na miongoni mwa waliokuwa wakiupinga walikuwamo wafanyabiashara wa bima waliochelea faida zao. Hao si wenzetu. Wao huogopa maskini asije akatibiwa. Sisi twaogopa asije akalipa na asitibiwe.

Wala hatusemi Serikali ikae kando kabisa. Kulipia zahanati na vituo vya afya kwa kodi ni kazi yake, na ahadi hiyo twaiunga mkono. Iajiri wauguzi, izipe kaunti fedha za dawa kwa wakati, maana Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti hospitali. Lakini michango ya bima ishikwe na wadhamini waliochaguliwa na wachangaji wenyewe. Watu wetu wanajua kushika fedha pamoja. Katika chama cha akiba na mikopo mwalimu wa shule ya msingi husimama mkutanoni akamwuliza mwenyekiti shilingi zake zimekwenda wapi, na mwenyekiti hujibu. Katika mfuko huu atamwuliza nani?

Kila tawi limwite mbunge wake na limtake ajibu swali hilo mbele ya watu, kabla hajaja tena kuomba kura.