Mimea ya Tangi Letu Tuitafute Hapa Hapa



Muhula huu tangi la samaki lililomo katika maabara yetu limezua mabishano. Samaki tunao. Ni wale wadogo wenye rangi, Nothobranchius, waliotoka katika madimbwi ya bonde la Ruhoi. Madimbwi hayo hujaa wakati wa masika na kukauka kiangazi, na mayai ya samaki hungoja ndani ya tope mpaka mvua irudi. Kilichobaki ni mimea. Wenzangu wengi wanasema tuchange fedha tuagize Dar es Salaam, kwa kuwa kitabu kinataja Elodea. Mimi sikubaliani nao, na naomba kueleza sababu zangu.

Kwanza, mmea katika tangi si pambo tu. Upatapo mwanga hutoa oksijeni, hunyonya uchafu wa samaki, na huwapa maficho. Kazi hizo mimea yetu inaziweza. Ceratophyllum, ambao majani yake ni kama brashi ya kusafishia chupa, hupatikana katika maji mengi matamu ya nchi yetu. Hauna mizizi, wala hauhitaji udongo: kata kipande, kitie majini. Ukiuweka juani hutoa mapovu ya kuhesabika, sawa na Elodea wa Amerika. Yungiyungi ni zuri, lakini majani yake mapana yatalitia tangi giza, tuliache bwawani.

Pili, tuchague mahali pa kuchukua. Katika Delta ya Rufiji maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku, na mmea uliozoea chumvi hautafaa katika maji ya kisima. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, si mali ya kung'oa. Basi twende kwenye madimbwi ya maji matamu huku juu, tena pamoja na mzee anayeyajua, maana mamba na kiboko hawana utani. Tusiingie majini, tuvute mimea kwa kijiti kirefu chenye ndoano, tukiwa na mabuti na glavu, kwa sababu konokono wengine hueneza kichocho. Kisha mimea ikae katika ndoo peke yake wiki mbili, tuondoe kila konokono na mayai yake, ndipo iingie tangini.

Tatu, na hili nalisema kwa aibu. Likizo iliyopita jamaa yangu mmoja alinipa mmea wa kuelea wenye maua ya zambarau. Niliuleta shuleni kwa majivuno. Ulipojaa ndoo, nusu yake niliitupa mtaroni nyuma ya bweni. Mwalimu wetu wa Biolojia alipoona ile nusu iliyobaki aliniuliza neno moja tu: "Na mwingine uko wapi?"

Mmea ule ulikuwa gugu maji. Asili yake ni Amerika Kusini, na watu waliupeleka nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Katika miaka ya 1950 ulikwisha kuonekana katika mito ya Sigi na Pangani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uliingia Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 ukazuia mashua na meli bandarini, Mwanza hata Kisumu. Chini ya zulia lake maji hukosa mwanga na hewa, na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi.

Mtaro ule huelekea bondeni. Jioni ile mimi na mwenzangu tuliingia na taa, tukaokota shina baada ya shina, tukaanika na kuchoma. Kila mvua inaponyesha bado nakwenda kuangalia. Fikirini madimbwi ya Ruhoi yakifunikwa: samaki wale wangekwenda wapi?

Kwa hiyo nawaomba wenzangu, walimu na wazazi: fedha za kuagiza mimea zibaki. Tutafute mmea tunaoujua, kidogo kidogo, na tusimwage maji wala mabaki ya tangi mtaroni. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne