Petroli au Umeme? Tuhesabu Kabla ya Kununua



Mwezi huu nataka tusemezane juu ya jambo lisiloota shambani, lakini hula mapato ya shamba kuliko nyani na viwavi. Jambo hilo ni chombo cha kusafiria: pikipiki, pikapu, au motokaa. Wengi wa wasomaji wetu wa Mpeketoni, Hindi na Witu wanacho tayari. Wengine wangoja tu pamba au simsim ilipwe wapate kununua. Na siku hizi swali jipya limeingia barazani: je, tuendelee na petroli, au tuhamie vyombo vya umeme?

Yafaa tulijibu swali hili kwa akili iliyotulia, maana mtu anaweza kulima miaka kumi na kupoteza akiba yote kwa ununuzi wa siku moja.

Kwanza nikiri langu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na pikapu kuukuu. Niliinunua kwa furaha nyingi, nikaona kwamba sasa mahindi yangu yatafika sokoni bila kumbembeleza mwenye lori. Mwaka wa kwanza nilibadili magurudumu. Mwaka wa pili chumvi ya pwani ilikula chini ya bodi, na mchanga ukala beringi. Mwaka wa tatu nilinunua vipuri ambavyo havikuwa halisi, vikavunjika kabla ya mwezi kwisha. Siku moja niliketi nikaandika gharama zote katika daftari, nikaona kwamba sikuwa na gari, bali gari ndilo lilikuwa nami. Nililima ili lile lipate kula. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tukirudi kwenye umeme, tusianze kwa kutazama rangi ya chombo wala maneno ya muuzaji. Tuanze kwa daftari.

Watu wengi hudhani gari la umeme ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1900, huko Marekani, magari yaliyotengenezwa kwa nguvu ya mvuke na ya umeme yalikuwa mengi kuliko yale ya petroli. Yale ya umeme hayakuwa na moshi wala makelele, wala hayakuhitaji kuzungushwa kwa mkono ili kuwaka. Mbona basi petroli ilishinda? Zipo sababu kadha. Magari ya petroli ya Henry Ford yalikuwa ya bei nafuu. Mwaka 1912 ilipatikana mashine ya kuwashia gari bila kuzungusha mkono. Lakini sababu moja yatuhusu sana sisi wa mashambani: petroli ilichukulika kwa debe mpaka kijijini, na umeme haukuwako huko. Chombo ambacho chakula chake kilikuwa karibu ndicho kilichoshinda.

Sheria hiyo haijabadilika. Usiulize kwanza, "Chombo gani ni bora?" Uliza, "Chakula cha chombo hiki kiko wapi, na ni bei gani?"

Tutazame petroli. Tarehe 14 ya kila mwezi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, hutangaza bei mpya, na mkulima hana neno la kusema. Mnamo Septemba 2023 bei ya lita moja mjini Nairobi ilipita shilingi 200. Huku kwetu wengi hununua petroli ya chupani kando ya njia, ghali zaidi, na mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Mchanganyiko huo uliisumbua nchi nzima hata mwaka 2018 serikali ikaongeza tozo juu ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida. Isitoshe, mashine ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Nguvu iliyobaki hutoka bure kama joto, na mtu aliyewahi kuugusa mguu wake kwenye ekzosi alijua hivyo bila kusoma.

Sasa tutazame umeme. Mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya nguvu inayopewa. Haina oili ya kubadili, haina plagi, haina kabureta. Lakini msidanganywe kwamba haina gharama. Magurudumu, breki na beringi ni vile vile, na mchanga wa Lamu hauchagui. Tena kuna betri, nayo ndiyo ghali kuliko kitu kingine chochote katika chombo hicho. Betri huzeeka hata ikitunzwa, na joto kali huizeesha mapema.

Haya, tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijana wa bodaboda huenda kilomita 80 kila siku, na pikipiki yake yenye mzigo hutumia lita moja kwa kilomita 40. Hizo ni lita 2. Tukiweka lita kwa shilingi 190, kila siku huchoma shilingi 380. Pikipiki ya umeme kwa safari hiyo hiyo, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuiwekee yuniti 4. Yuniti moja tukiiweka kwa shilingi 30, ni shilingi 120. Tofauti ni shilingi 260 kwa siku. Lakini asizile zote! Aweke kando shilingi 100 kila siku kwa ajili ya betri ijayo. Zinabaki 160. Akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, atakuwa na shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka. Hizo si haba.

Sasa tuchukue mkulima ambaye huenda kilomita 10 tu kwa siku, kutoka nyumbani hadi shambani na dukani. Petroli yake ni ya shilingi 47 na senti 50. Umeme wake ungekuwa shilingi 15. Atapata nafuu ya shilingi 32 na senti 50, na hapo betri yake inazeeka vile vile. Mtu huyu akiuza pikipiki nzima ya petroli ili anunue ya umeme, amejitia hasara. Afadhali aitunze ile aliyo nayo, abadili oili kwa wakati, aioshe chumvi na tope, na fedha anunulie mbegu nzuri.

Bei nilizotaja ni za mfano. Kila mtu aweke bei za kwake, za wiki hii. Lakini njia ya kuhesabu haibadiliki, nayo yatuonyesha jambo moja wazi: umeme humfaa anayesafiri sana kila siku, tena katika njia anayoijua. Anayesafiri kidogo hana haja ya kukimbia.

Je, serikali imefanya nini? Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa juu ya magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei ya umeme ya pekee kwa ajili ya kuchaji vyombo vya usafiri, na saa za usiku bei hiyo hushuka. Umeme wetu wa Kenya nao, sehemu kubwa hutoka katika mvuke wa ardhi kule Olkaria, katika maji ya mito, na katika upepo wa Turkana. Kwa hiyo fedha ya umeme hubaki nchini kwa wingi, hali fedha ya petroli husafiri ng'ambo. Hayo ni mambo mema, na yafaa kuyasifu. Lakini punguzo la ushuru halimwokoi mtu aliyekwama usiku kati ya Hindi na Mpeketoni, betri imekwisha, na nyuma ya pikipiki kuna mama mwenye uchungu wa uzazi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa senti moja, mwulize muuzaji maswali haya, na majibu yaandikwe.

La kwanza: kituo cha karibu cha kuchaji au kubadilisha betri kiko wapi? Nairobi na Mombasa si jibu. Jibu ni Mokowe, Hindi, Mpeketoni au Witu.

La pili: betri ni yangu, au ni ya kampuni nami naikodi? Ikiwa naikodi, kampuni ikifunga kazi, nitabaki na nini?

La tatu: betri ina dhamana ya miaka mingapi, na nani ataitengeneza hapa? Betri hizi si za fundi wa nyundo na bisibisi. Asiyefundishwa akiifungua aweza kuunguza nyumba.

La nne: chombo kinakwenda kilomita ngapi kikiwa na gunia mbili katika njia ya tope? Umbali ulioandikwa katika karatasi ni wa barabara nzuri na mtu mmoja mwembamba.

La tano: umeme ukikatika siku mbili, nitafanya nini?

Juu ya swali hilo la mwisho, wengi watasema, "Tuna jua." Ni kweli, jua la Lamu ni baraka. Paneli moja ya wati 400 huweza kutoa karibu yuniti moja na nusu mpaka mbili kwa siku nzuri. Kwa yuniti 4 za bodaboda wetu, yahitajika paneli tatu hivi. Lakini angalieni: jua huwaka mchana, na mchana pikipiki iko njiani. Mwenye kutegemea jua hana budi kuwa na betri mbili, moja ikifanya kazi na moja ikichajiwa. Hiyo ni gharama nzito kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo ninapotaka kusema maoni yangu. Jambo hili si la mtu mmoja mmoja. Ni la ushirika.

Mpeketoni inajua habari hii kuliko mahali pengi. Mwaka 1994, wakati ambapo waya za taifa zilikuwa mbali, watu wa skimu ya Ziwa Kenyatta hawakukaa wakilalamika. Walianzisha mradi wao wenyewe wa umeme kwa mitambo ya dizeli, wakausimamia, na watumiaji wakalipa. Wataalamu waliokuja baadaye kuuchunguza waliandika kwamba maseremala na mafundi wengine waliopata umeme ule walitoa kazi nyingi zaidi kwa siku na kipato chao kikaongezeka. Umeme ule haukuwa rahisi, lakini ulilipwa kwa sababu ulitumika katika kazi yenye faida, na kwa sababu ulikuwa wao.

Ikiwa wazazi wetu waliweza kusimamisha mtambo mzima, sisi twashindwaje kusimamisha chumba kimoja cha kuchajia? Chama cha ushirika au kikundi cha bodaboda chaweza kuanza na pikipiki tatu tu za umeme na betri za akiba. Ziendeshwe mwaka mmoja, kupitia kiangazi na masika. Kila kilomita, kila yuniti, na kila tengenezo liandikwe. Mwisho wa mwaka daftari lisomwe mbele ya wanachama wote. Zikifaulu, tununue nyingine. Zikishindwa, hasara itakuwa ya watu wengi, kidogo kidogo, wala hakuna atakayeuza ng'ombe.

Na chumba chenyewe kiwe mahali pakavu penye hewa, mbali na vyumba vya kulala, kisiingie maji ya mvua wala chumvi. Asichaji mtu betri kando ya kitanda chake.

Juu ya motokaa na pikapu za umeme, nasema tungoje. Bei yake bado ni kubwa kwa mwenye ekari kumi, na magari kuukuu yaletwayo kutoka ng'ambo, ambayo sheria yataka yasizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, huja na betri iliyokwisha kutumika miaka mingi. Kununua gari la namna hiyo bila kupima betri ni kama kununua ng'ombe wa maziwa gizani. Kwa mizigo ya mavuno, wakulima kumi wakikodi lori moja kwa pamoja katika barabara ya lami ya Garsen, Witu na Lamu, watalipa kidogo kuliko kila mmoja kulisha pikapu yake mwaka mzima.

Wala tusione haya kwa kuchelewa. Wenzetu wa kisiwani, katika mji wa Lamu ulioandikwa urithi wa dunia mwaka 2001, wamefanya biashara karne nyingi kwa punda na jahazi katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Hakuna aliyewaita maskini kwa sababu hiyo. Heshima ya mkulima ni ghala lililojaa na watoto walio shuleni.

Neno langu la mwisho ni hili, na naliomba likumbukwe hata kama mengine yatasahauliwa. Usiiweke rehani hati ya shamba lako kwa ajili ya chombo cha kusafiria, kiwe cha petroli au cha umeme. Pikipiki huchakaa, betri hufa, na gari huota kutu, lakini shamba likitunzwa litawalisha wajukuu. Wengi wetu tuliingoja hati hiyo miaka mingi. Isitutoke mikononi kwa sababu ya magurudumu mawili.

Shime basi, ndugu wakulima. Chukueni daftari na kalamu usiku wa leo, muandike mwezi mzima wa petroli na matengenezo. Mkutano ujao wa chama mwende nalo. Daftari hilo litawaambia, kuliko mimi na kuliko muuzaji yeyote, kama wakati wa umeme umefika katika boma lenu.