Ujabari na Machozi

Wako wasomi wasemao kuwa hadithi za picha za Kijapani, ziitwazo manga, hazistahili kujadiliwa na watu wazima. Na miongoni mwa hizo, Hokuto no Ken hulaumiwa kuliko nyingi. Husemwa kuwa ni kitabu cha vichwa vipasukavyo na damu imwagikayo, kimfundishacho kijana ukatili. Wako pia washabiki waisifuo kwa sababu iyo hiyo: huona ndani yake wanaume wenye vifua vipana kama malango ya ngome, wakajiambia kuwa huo ndio uanaume. Makundi haya mawili hugombana, walakini kosa lao ni moja. Yote yametazama ngumi, wala hapana hata moja lililotazama macho. Na katika macho ya wanaume wale mna machozi mengi.

Hadithi hii ilitungwa na Buronson, ikachorwa na Tetsuo Hara, ikatoka sehemu kwa sehemu katika jarida la Weekly Shonen Jump tangu mwaka 1983 hata 1988. Yaanza baada ya vita vya silaha za nyuklia. Bahari zimekauka, miji imekuwa magofu, na mwenye nguvu humpokonya mnyonge maji yake na tonge lake. Katika nyika hiyo hutembea Kenshiro, mrithi wa 64 wa Hokuto Shinken, sanaa ya mapigano ambayo kwa kugusa mahali pa siri mwilini humwangamiza adui kutoka ndani. Katika ulimwengu wa namna hiyo ingedhaniwa kuwa kulia ni anasa. Watunzi wake walishika hoja iliyo kinyume: kwamba mtu asiyeweza kuhuzunika amepungukiwa, na upungufu wake hauko katika tabia peke yake, bali umo hata katika nguvu za mkono wake.

Ushahidi wa kwanza ni Souther. Huyu alikuwa yatima aliyelelewa na mwalimu wake, Ogai, kwa mapenzi ya baba na mwana. Alipofika umri wa miaka 15 alifungwa kitambaa machoni, akaamriwa ampige adui atakayemjia. Alipiga, akafunguliwa macho, akaona kuwa aliyempiga ni Ogai mwenyewe, ambaye kwa desturi ya sanaa yao ilimpasa afe ili mwanafunzi arithi. Maumivu yale yalimshinda kijana. Akaapa kuwa maadamu mapenzi huleta uchungu wa kadiri ile, hatapenda tena. Toka hapo akawa jabari anayewatumikisha watoto wadogo kama watumwa wa kujenga kaburi kubwa la mwalimu wake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kenshiro alipomshinda alichagua pigo lisilo na uchungu. Na yule aliyeitwa katili alikufa analia kando ya maiti ya Ogai, kama mtoto aliyerudi kwao. Ukatili wake wote ulikuwa ni msiba uliokosa matanga.

Ushahidi wa pili, nao ni mzito zaidi, ni Raoh, aliyejiita Mfalme wa Ngumi. Mwili wake ni mkubwa, wala hapana katika hadithi moyo uliofungwa zaidi. Hata hivyo huyu alisimama mbele ya Fudo, mtu mpole aliyekuwa akilea mayatima, akachora mstari ardhini nyuma yake ili ajithibitishie kuwa hataurudia, akaurudia. Kilichomrudisha ni huzuni aliyoiona katika macho ya Fudo. Sanaa ya juu kabisa ya Hokuto haipatikani ila kwa aliyebeba huzuni moyoni, na Kenshiro alikwisha kuibeba: ya Rei, ya Shu, ya Toki, na ya wengine waliokufa mbele yake. Raoh hakuipata kwa mazoezi yake yote. Aliipata siku alipokusudia kumwua Yuria, ampendaye, akatambua kuwa mwanamke yule ana maradhi ya kufisha naye amekwisha kuikubali ajali yake. Hapo Raoh alilia, na alipolia ndipo alipokamilika.

Atasema mpinzani kuwa machozi haya ni sukari iliyopakwa juu ya uchinjaji. Mpinzani huyo hajui nasaba ya jambo alilaumulo. Katika Heike Monogatari, shujaa Kumagai Naozane anamkamata Taira no Atsumori katika vita vya Ichi-no-Tani vya mwaka 1184, akaona kuwa adui yake ni kijana wa umri wa mwanawe. Hakuweza kumwokoa, kwa kuwa wapanda farasi wa upande wake walikuwa wanakaribia. Akamwua huku analia, na baadaye akaacha upanga akawa mtawa. Kwa karne nyingi Wajapani wamemsoma Kumagai wala hawakumwita mwoga. Buronson na Hara waliokota uzi wa kale.

Hata hivyo haki yadai kasoro zitajwe. Huruma ya Kenshiro haigawanywi sawasawa: wenye majina hufa na machozi, na majambazi wasio na majina hupasuka kwa dhihaka. Tena wanawake wamepewa sehemu ndogo. Yuria aghalabu huwa sababu ya wanaume kulia kuliko kuwa mwenye kilio chake. Na Mamiya, aliyeshika silaha kukilinda kijiji chake, hushauriwa aziweke chini arudie uanamke, kana kwamba ujasiri na huruma haviwezi kukaa katika kifua cha mwanamke kama vikaavyo katika cha mwanamume. Lawama hii ni ya kweli, nayo yapasa kufundishwa pamoja na sifa. Lakini ni lawama ya kuwa hadithi haikuifuata hoja yake hata mwisho. Haisemi kuwa hoja yenyewe ni mbovu.

Kwa hiyo wapokonyao vijana kitabu hiki kwa hofu ya ukatili huwapokonya dawa pamoja na sumu. Na wakisomao ili wafanane na Raoh wamejifunza umbo la mtu kabla hajafunzwa. Kijana aliyelelewa na neno lile lizoeleka, kwamba mwanamume halii, atakuta katika kurasa hizi wanaume wawili walioliamini neno hilo kwa nguvu zao zote. Mmoja alijenga kaburi kwa mikono ya watoto. Wa pili alirudi nyuma ya mstari alioupiga mwenyewe.