Habari ya Bima Haiko Hotelini

Kuna habari moja ambayo naweza kuiandika nikiwa nimefumba macho. Huanza hivi: kampuni fulani ya bima imezindua huduma mpya yenye lengo la kuwafikia wananchi wengi zaidi. Aya ya pili, mkurugenzi anasikitika kwamba wananchi hawana mwamko wa bima. Aya ya tatu, mgeni rasmi anaipongeza kampuni na kuwaasa wananchi wakate bima ili walinde mali zao. Picha: watu wanne wameshika mkasi mmoja. Nimeandika habari za biashara, upande wa bima, kwa miaka mingi, na nadhani nina haki ya kusema kwamba hiyo si habari. Ni tangazo lililokwepa kulipia nafasi gazetini.

Habari ya bima ni fidia. Nani kaunguliwa, nani kagongwa, nani kazamishiwa mzigo, kalipwa kiasi gani, baada ya muda gani, na kama hakulipwa, kaambiwa nini. Mengine yote ni maandalizi tu ya swali hilo. Mnunuzi wa mchele huutia mkononi, akaupuliza na kutafuna punje mbili. Mnunuzi wa kiatu hukijaribu. Lakini mwenye bima hununua ahadi, tena ahadi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma, na ubora wake hataujua mpaka siku mali yake imeteketea. Sasa mwandishi anayehudhuria siku ahadi inapouzwa, lakini haonekani kamwe siku ya kuitimiza, anamfanyia kazi nani?

Hilo neno “mwamko” nalo limenichosha. Eti wananchi hawajui maana ya bima! Watu hawa hawa ambao ukifiwa saa mbili usiku, saa nne daftari la michango limeshafunguliwa? Watu wenye vikoba, wenye vyama vya kufa na kuzikana, ambao hutoa kila mwezi kwa ajili ya msiba ambao hawajui utaangukia nyumba ya nani? Wanaijua bima kuliko wengi wetu tunaoiandika. Tofauti ni kwamba katika chama chao cha mtaani kila mtu huona nani kalipwa. Jina husomwa na kiasi husomwa, na asiyelipwa husimama akauliza mbele ya watu. Katika bima ya kampuni, malipo ni siri ya faili. Hapo mwananchi hakukosa mwamko, alikosa ushahidi. Na kazi ya kuleta ushahidi ilikuwa yetu.

Tulikotoka kunaeleza sehemu ya jambo hili. Tangu biashara ya bima ilipotaifishwa mwaka 1967, mwuzaji alikuwa mmoja tu, Shirika la Bima la Taifa, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Enzi zile ukichelewa kulipwa ulijua wa kumlaumu, ingawa hukuwa na pa kuhamia. Soko lilipofunguka tuliambiwa ushindani utaleta unafuu. Ulileta mengi, na mojawapo ni kurasa za matangazo. Kisha mwaka 2009 ikatungwa sheria nyingine, iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kila mwaka Mamlaka hutoa takwimu za soko, na kila mwaka vichwa vyetu vya habari ni ndugu wa tumbo moja: sekta ya bima yakua.

Imekua nini? Zimekua ada, yaani fedha zilizotoka mifukoni mwa watu kuingia kwenye kampuni. Tunapoandika habari za korosho hatuwezi kusema wakulima wamestawi kwa kuwa wamepeleka magunia mengi ghalani. Tutauliza wamelipwa bei gani. Katika bima tunayahesabu magunia tukaondoka. Takwimu za fidia zimo katika ripoti zilezile, ni suala la kufunua kurasa. Chukua shilingi 100 ya ada, uliza ngapi zilirudi kwa wenye bima, ngapi zilikwenda kwa mawakala na madalali, ngapi ziliendesha ofisi. Fidia ikiwa ndogo kupita kiasi, mwandishi wa masoko huandika kwamba kampuni imefanya vizuri. Inawezekana kweli mwaka ulikuwa wa heri. Inawezekana pia watu wamezungushwa. Mtu hawezi kujua bila kuuliza, na maswali ya namna hiyo hayaulizwi juu ya sahani ya sambusa.

Nitatoa mfano mmoja, maana ndio ulionifanya nichoke na hoteli. Mfanyabiashara wa vitambaa pale Kariakoo aliniletea faili lake. Duka lilikuwa na mali ya shilingi milioni 80. Wakati wa kukata bima, ili ada iwe ndogo, mali iliandikwa kuwa ya milioni 40. Moto ukala vitambaa vya milioni 30. Yeye, kwa akili ya kawaida ambayo hata mimi na wewe tungeitumia, alisema: nina bima ya milioni 40, hasara ni milioni 30, basi nitalipwa milioni 30. Alilipwa 15, tena pungufu kidogo, kwa sababu kuna sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe. Kanuni ni kwamba ukikatia bima nusu ya mali, nusu nyingine umejikatia mwenyewe, na kila hasara inapotokea mnaigawana. Kanuni hiyo ni halali, ni ya zamani, ina mantiki yake, na imo ndani ya karatasi aliyopewa. Lakini wakala aliyempunguzia ada hakutamka neno. Kwa muda wote aliokuwa akinunua gazeti, na alikuwa msomaji kweli, hakuna mwandishi aliyemweleza. Alikuwa amesoma mara ngapi kwamba wafanyabiashara waaswa kukata bima? Aliasika, akakata.

Niliiandika habari hiyo kwa ukamilifu, nikaweka hesabu, nikaweka maelezo ya kampuni, ambayo yalikuwa ya haki. Mhariri wa wakati huo akaniambia hii ni habari ya mtu mmoja, tusubiri. Tukasubiri. Wiki hiyo hiyo kampuni ilikuwa na robo ukurasa wa tangazo, na sitaki kuapa kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Ninachosema ni kwamba uzinduzi nao ulikuwa habari ya mtu mmoja, mkurugenzi, na haukusubirishwa hata siku moja.

Halafu kuna bahasha. Tunaiita nauli, na wengine huifungua kabla ya kufungua daftari. Siwezi kuwapiga mawe vijana wanaoipokea, wengi wao wakiwa waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa kila habari inayochapwa, na kwa malipo ambayo hayatoshi chakula cha mchana. Mwenye gazeti anajua. Amewaachia kampuni za bima, benki na wengineo wamlipie waandishi wake, halafu anashangaa kwa nini waandishi wanaandika kama waajiriwa wa kampuni hizo. Aibu hiyo aibebe yeye kwanza.

Tena tunaokosana nao si wanunuzi pekee. Kila gari barabarani linatakiwa na sheria liwe walau na ile tunayoiita bima ndogo, na bima hiyo haimlindi mwenye gari kwa ajili yake. Inamlinda mama aliyekuwa akivuka barabara. Mama huyo hakununua chochote, hakusaini popote, pengine hajui kwamba mahali fulani mjini kuna kampuni inayodaiwa kwa ajili ya mguu wake. Atakuja mtu na hati, atamwambia hizi ni za matibabu, weka dole gumba hapa; na hati ile inasema amepokea malipo yote na hatadai tena. Nimezisoma hati za namna hiyo. Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo, na inapokea malalamiko, lakini ni wasomaji wangapi wanaoijua? Tungekuwa tunaitaja hata nusu ya mara tunazotaja uzinduzi, ingekuwa na foleni.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi akizichimba sana kampuni ataziangusha, na kampuni ya bima ikianguka wanaoumia ni hao hao wenye bima. Jirani zetu Wakenya wanatujibu. Kenya National Assurance ilianguka mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa imekatia bima matatu na mabasi mengi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Hazikuangushwa na magazeti. Kampuni inayouza bima ya magari ya abiria kwa bei isiyolingana na ajali zake huanza kwanza kuchelewesha fidia, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, na ndiyo dalili ambayo mtu yeyote anayefuatilia madai angeiona mapema. Mwenye matatu aliyelipa ada zake kwa uaminifu hujikuta anadaiwa yeye, hukumu ikiwa na jina lake. Kwa hiyo fidia haimhusu mlalamikaji tu. Ndiyo kipimo cha joto cha kampuni yenyewe.

Na jambo hili sasa limekuwa zito zaidi. Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya soko la Kariakoo kuungua, Sheria ya Fedha iliongeza orodha ya bima za lazima: masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini, vyombo vya majini. Sina ugomvi na shabaha hiyo. Lakini serikali ikimlazimisha mtu kununua ahadi, basi mtu huyo hana tena uhuru wa kususa, na anayebaki kumwangalizia ni mdhibiti na sisi. Mdhibiti ana sheria yake. Sisi tuna maswali, nayo hayahitaji shahada ya hesabu: madai mangapi yamepokelewa, mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na lile la zamani kuliko yote ambalo bado limelala mezani ni la tarehe ngapi.

Nimependekeza kwa wahariri watatu kwamba kila mwaka, siku ileile tunapochapa kwamba sekta imekua, tuchape pembeni jedwali la kampuni zote na majibu ya maswali hayo manne, na kampuni isiyojibu iachiwe nafasi tupu mbele ya jina lake. Wawili walisema watafikiria. Wa tatu aliniuliza litachukua nafasi kiasi gani. Robo ukurasa, nilimwambia.