MACHO NAYO HUSIKIA

Mara nyingi tunasikia malalamiko haya katika familia: "Bibi amekuwa mkaidi. Akiambiwa ameze vidonge viwili, anameza vitatu. Anasikia anachotaka mwenyewe." Kabla ya kumlaumu, tujiulize: alipokuwa akiambiwa, je, aliuona uso wa aliyemwambia?

Tumezoea kudhani kwamba masikio ni ya kusikia na macho ni ya kuona, basi. Kumbe ubongo hukutanisha habari za macho na za masikio, kisha huamua kwa kutumia zote mbili. Mwaka 1976 wataalamu wawili huko Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walieleza jambo la kushangaza. Waliwaonyesha watu filamu ambamo midomo ilitamka "ga", lakini sauti iliyowekwa ilikuwa "ba". Watu wazima wengi walisikia "da", ambayo haikuwako katika sauti wala midomoni! Bila kuitazama midomo, walisikia "ba" sawasawa.

Tena, ubongo hupima ni kipi cha kuaminiwa zaidi kwa wakati huo. Kwenye mwanga mzuri macho hupewa uzito mkubwa, gizani, masikio. Mzee ambaye masikio yake yamepungua nguvu hutegemea sana midomo ya msemaji, hata kama mwenyewe hana habari. Mwaka 2020, tulipovaa barakoa kwa sababu ya UVIKO-19, wazee wodini walikuwa wakituambia, "Nesi, sikusikii." Kitambaa kilififisha sauti, na midomo nayo ilikuwa imefichwa.

Angalia maneno yetu wenyewe. "Mbili" huanza kwa kufumba midomo. "Tatu" huanza midomo ikiwa wazi. Anayekutazama hupata tofauti hiyo hata kama sauti ni hafifu.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kumweleza mgonjwa dawa zake huku umempa mgongo, au wewe uko jikoni naye yuko sebuleni, ni kumpa nusu ya maelezo. Nusu hiyo inaweza kumdhuru, hasa kwa dawa za shinikizo la damu na za kisukari.

Tufanye hivi nyumbani:

1. Kaa mbele ya mzee, mwanga ukiangukia uso wako.

2. Punguza redio. Sema polepole, usipayuke, kwa maana kupayuka huharibu matamshi.

3. Mwombe kwa heshima arudie ulichomwambia.

4. Mpeleke apimwe masikio na macho pia. Pengine ni nta tu iliyoziba sikio. Na mwenye mtoto wa jicho hukosa msaada wa midomo, hivyo huonekana kama kiziwi kuliko alivyo.

Vijana nao wasidhani jambo hili ni la wazee tu. Mtu anayeona na kusikia hatari kwa pamoja huchukua hatua upesi kuliko anayetumia kimoja. Anayevuka barabara huku ameziba masikio kwa muziki amejipunguzia kinga, kwa sababu pikipiki inayotoka nyuma husikika kabla ya kuonekana.

Wazazi, tuwafundishe watoto kwamba kumwendea bibi na kusema naye uso kwa uso si adabu tu. Ni sehemu ya matibabu yake.